Mbwa wa Kazi Anayeshinda Peke Yake

SWALI

Ndugu Mshauri,

Nina mbwa dume wa jamii ya Border Collie, mwenye umri wa miezi 10, ambaye nilimchukua akiwa na wiki 9 kutoka kwa mfugaji anayezalisha mbwa wa kuchunga kondoo. Jina lake ni Duma. Wakati huo nilikuwa nikifanyia kazi nyumbani, lakini miezi minne iliyopita nilihamishiwa kitengo kingine, na sasa ninatoka saa 12 asubuhi na kurejea saa 1 usiku, siku tano kwa wiki. Ninaishi peke yangu, na nina ua mpana wenye uzio ambamo Duma hushinda akiwa na maji, kivuli na vitu vya kuchezea.

Nikirudi, hata kabla sijala, ninakimbia naye saa nzima, kisha ninamtupia mpira kwa nusu saa nyingine. Jumapili tunatembea milimani kwa saa nne. Pamoja na hayo yote, amekwisha kutafuna fremu ya mlango wa nyuma, amechimba mashimo kando ya uzio wote, na jirani amenilalamikia kuhusu kubweka, kwa upole lakini mara mbili. Usiku hatulii: huzunguka sebuleni, huniletea mpira na kuuweka juu ya mguu wangu, na wiki hizi mbili ameanza kufukuza vivuli ukutani. Je, niongeze saa nyingine ya mbio alfajiri? Mdogo wangu ananishauri nimgawe, lakini siko tayari kulisikia hilo.

Mwenye Duma

JIBU

Ndugu Mwenye Duma,

Usiiongeze hiyo saa. Ninajua kwamba kila mwenye mbwa wa kazi huambiwa amkimbize mpaka achoke, na kwamba shauri hilo linaonekana kuwa na mantiki, lakini mbwa anayekimbizwa saa moja na nusu kila jioni hachoki zaidi kadiri siku zinavyokwenda, bali anakomaa. Moyo wake, mapafu na misuli huzoea, na kile kilichomlaza chini mwezi wa kwanza huwa ni cha kunyoosha viungo tu kufikia mwezi wa nne. Unamlea mwanariadha, kisha unamwacha bila kazi kwa saa 13. Isitoshe, katika umri wa miezi 10 ncha za mifupa yake huenda hazijamaliza kukomaa. Kwa mbwa wengi wa umbo la wastani jambo hilo hukamilika karibu na umri wa mwaka mmoja, na kwa wakubwa huweza kuchelewa hadi miezi 18, kwa hiyo mbio ndefu za kila siku, hasa juu ya ardhi ngumu, si jambo la kumwongezea sasa.

Mpira nao una hila yake. Kila unapoutupa, Duma huchomoka kwa nguvu zake zote, husimama ghafla, hugeuka, hurudi na kuanza upya, na msisimko wa mara ya kwanza huwa haujashuka unapokuja ule wa ishirini. Nusu saa ya namna hiyo, tena usiku, humwacha na mwili uliochoka juu ya akili iliyowaka, na ndiyo maana baadaye anakuwekea mpira mguuni. Hakuombi mchezo tu. Amekwama katika mchezo ambao haukuwa na mwisho.

Watu wengi humwona mbwa mchungaji kama kiumbe aliyeumbwa kukimbia kutwa, na hapo ndipo hesabu inapopotea. Karibu Border Collie wote wa leo wana damu ya mbwa mmoja aliyeitwa Old Hemp, aliyezaliwa mwaka 1893 huko Northumberland, kaskazini mwa Uingereza, na sifa iliyomfanya atafutwe na wachungaji haikuwa mbio bali utulivu wake: aliwaendesha kondoo kimyakimya, kwa kuwakazia macho. Mbwa wa aina hiyo akiwa kazini hukimbia kwa kipindi kifupi, hulala kifudifudi, hungoja mluzi, hutembea hatua tatu, hungoja tena. Halafu kazi inapokwisha hulala karibu na mchungaji wake mpaka atakapohitajika. Tangu asubuhi mpaka jioni ana mtu wa kumwangalia, ana maagizo ya kufikiri, na ana vipindi virefu vya kutofanya lolote. Wewe umempa Duma mbio, ambazo ndizo zilizo rahisi kutoa. Mtu, maagizo na pumziko ndivyo anavyovikosa.

Nianze na mtu, kwa kuwa bila yeye mengine yote niyasemayo ni viraka. Saa 13 ni nyingi mno. Mbwa mzima, mwenye afya na aliyezoea, huweza kukaa saa sita au hata nane bila kutoka, lakini huyu bado ni kijana, na tena suala si haja ndogo peke yake. Nchini Uswidi kanuni za ufugaji zinataka mbwa atolewe walau kila baada ya saa sita wakati wa mchana, na wadogo mara nyingi zaidi. Unaweza kukosa sheria kama hiyo unakoishi, lakini kipimo chenyewe ni kizuri kukifuata. Tafuta mtu wa kuipasua siku yako katikati. Anaweza kuwa jirani mstaafu, mwanafunzi mwenye busara ambaye wazazi wake wameridhia, au mtu anayeifanya kazi hiyo kwa malipo, na ikiwezekana awe na zamu mbili, moja kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi na nyingine mnamo saa 9 alasiri. Tena, kwa kuwa jirani yako amelalamika kwa upole mara mbili, nenda ukazungumze naye kabla hajalalamika mara ya tatu. Mara nyingine mtu anayesumbuliwa na kelele ndiye anayekuwa tayari zaidi kusaidia kuzimaliza. Huyo mtu wa mchana asimkimbize. Amtoe kwa kamba ndefu, amwache anuse kila kichaka anachotaka kwa dakika 30, ampe nafasi ya kujisaidia, kisha aketi naye kidogo kabla ya kuondoka.

Sasa ua. Mashimo uliyoyaeleza, yaliyofuata uzio wote, yananiambia kwamba Duma amejiajiri. Kila mpita njia anayekaribia uzio hubwekewa, na kila mpita njia huondoka, kwa kuwa alikuwa akienda zake. Lakini kwa hesabu ya Duma, yeye ndiye aliyemfukuza. Hushinda mara mia kwa siku, na ushindi huo ndio unaomfundisha kubweka zaidi. Mwingize ndani. Chumba kimoja chenye hewa, ambacho dirisha lake halitazami njia, kikiwa na maji, mahali pa kulala na vitu vigumu vya kutafuna, humpa mbwa kijana mapumziko ambayo ua mpana hauwezi kumpa. Mbwa mzima hulala takriban saa 12 hadi 14 kati ya 24, na kijana kama huyu huhitaji hata zaidi. Nina wasiwasi kwamba Duma halali hata nusu ya anachohitaji, na mbwa aliyekosa usingizi huwa na fujo ileile ya mtoto aliyepitiliza muda wake wa kulala.

Kabla ya kubadili lolote, hata hivyo, weka simu ya zamani kwenye rafu, irekodi saa mbili za mwanzo baada ya wewe kuondoka. Mbwa aliyechoshwa na upweke wa kawaida hulala kwanza, kisha huamka akatafuta la kufanya. Mbwa mwenye hofu ya kuachwa huanza ndani ya nusu saa ya kwanza: huhema ilhali hakuna joto, hudondosha mate, hulia, hukwaruza mlango uleule uliotokea, na chakula kitamu ulichomwachia hukiacha bila kukigusa mpaka urudi. Hukusema kama mlango wa nyuma ndio unaoutumia kuondokea. Kama ndio, na kama rekodi itaonyesha hayo mengine, basi hiyo fremu haikutafunwa kwa utundu, na tiba yake ni kumzoesha upya kuachwa, kuanzia sekunde chache hadi dakika, chini ya uangalizi wa daktari wa mifugo au mtaalamu wa tabia za mbwa. Katika kipindi hicho asiachwe peke yake kwa muda unaozidi anaoweza kuuvumilia.

Asubuhi yako, kabla ya saa 12, inahitaji dakika 40 tu, nami ningezigawa hivi. Dakika 20 za kutembea polepole akinusa. Collie hutegemea macho sana, lakini pua yake ni pua kamili ya mbwa, yenye vipokezi vya harufu zaidi ya milioni 200 dhidi ya milioni tano au sita za binadamu, na kunusa kwa makini humtuliza kwa namna ambayo mbio haziwezi. Zinazobaki ni za kazi ya ndani. Chukua masanduku matatu ya karatasi, yaweke sakafuni yakiwa wazi, mfungie Duma nje ya chumba, tia vipande vichache vya chakula chake katika sanduku moja, kisha mfungulie na ukae kimya. Siku ya kwanza atakutazama usoni akingoja agizo, kwa kuwa ndivyo alivyoumbwa, usimwonyeshe. Utaona kichwa kinashuka, pua inaanza kufanya kazi kwa mikoromo midogo ya haraka, anapita sanduku lenye chakula, anasita, mkia unabadilika, anarudi. Hiyo sekunde ya kusita ndiyo mazoezi yenyewe. Baada ya wiki moja funika masanduku, kisha yaongeze yawe sita, kisha uyatawanye vyumba viwili. Chakula chake cha asubuhi kilichobaki kitie katika kifaa cha mpira kinachomlazimu kukitoa kidogo kidogo, ukigandishe usiku, umpe wakati unapofunga mlango. Bakuli, kwa mbwa wa namna hii, ni kupoteza nafasi ya kazi.

Uwezo wao wa kujifunza ni mkubwa kiasi cha kutisha. Border Collie mmoja wa Marekani aitwaye Chaser alijifunza majina ya vitu 1,022 kwa muda wa miaka mitatu, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2011. Nikikutajia habari hiyo, sitaki uanze kushindana, kwa kuwa aliyemfundisha, John Pilley, alikuwa profesa mstaafu na aliweza kumpa saa nne au tano kwa siku. Wewe una dakika 40, na zinatosha kumpa Duma jambo la kufikiri kila siku.

Jioni ndipo utakapopata shida, kwa sababu utahisi una deni. Ukiingia, msalimie bila shangwe kubwa, mtoe ajisaidie, mtembeze nusu saa kwa mwendo wa kawaida, kisha ule chakula chako. Kukimbia kubaki siku mbili au tatu kwa wiki, kwa muda mfupi na penye udongo laini au nyasi. Mpira utupe mara sita tu, na kila utupo utanguliwe na kungoja: akae, atulie, uutupe, na mara nyingine umzuie asiufuate mpaka umwambie. Mpira wa sita ukirudi, useme neno moja lilelile kila siku la kumaliza kazi, uuweke kabatini mbele ya macho yake.

Halafu mfundishe kutofanya lolote, somo ambalo wenye mbwa wa kazi karibu wote hulisahau. Tandika mkeka kando ya kiti chako, keti, soma kitu. Usimwite wala usimwamuru. Atakapolala mkekani, na hasa utakapoona nyonga moja imelegea upande na ameshusha pumzi, inama polepole uweke kipande kidogo cha chakula kati ya miguu yake ya mbele, bila kusema neno. Akiinuka, endelea kusoma. Jioni tatu za kwanza ataona kama umerukwa na akili. Niliwahi kukaa na mbwa mchungaji jike ambaye ilimchukua siku 11 kulala mkekani kwa dakika tano mfululizo, na siku ya kumi na mbili alijilaza hapo mwenyewe nilipokuwa bado navua viatu.

Hivyo vivuli usivichezee. Baadhi ya mbwa wa jamii hii hugeuza ufukuzaji wa mwanga na vivuli kuwa mazoea yasiyozuilika, na yakikomaa ni magumu sana kuyaondoa. Usimcheke anapofanya hivyo, usimrushie mwanga wa tochi wala kalamu ya leza hata kwa utani, punguza mapazia yanayopepea na vioo vinavyorudisha jua, na anapoanza mwite kwa upole ukampe kazi nyingine. Kwa kuwa ni wiki mbili tu, mpeleke kwa daktari wa mifugo sasa, wakati bado ni jambo changa.

Nikuongezee pia kwamba uko naye katika umri mbaya kuliko yote. Katika utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2020, mbwa waliokuwa wakiandaliwa kuwaongoza watu wasioona walionekana kupuuza amri za mlezi wao zaidi wakiwa na miezi minane kuliko walipokuwa na mitano, huku wakiendelea kumtii mtu mgeni. Kwa hiyo Duma akikutazama kana kwamba hajawahi kulisikia jina lake, usilichukue kama dharau. Ujana wake utapita.

Limebaki neno la mdogo wako. Hukutaka kulisikia, na mimi nisingelianza nalo, lakini sitalificha. Ikiwa utafanya haya yote na mtu wa mchana akapatikana, Duma anaweza kuishi vizuri na mtu mwenye kazi yako. Ikiwa mtu wa mchana hapatikani kabisa, na saa zako hazitapungua, basi mbio za jioni, masanduku na mkeka havitafidia saa 13 za kila siku. Jipe miezi mitatu. Zikiisha bila mtu, mpigie yule mfugaji uliyemchukulia Duma, kwa kuwa wafugaji makini hupenda kujulishwa na mara nyingi humjua mwenye kondoo anayetafuta msaidizi. Kumgawa mapema kwa mtu anayemfaa ni bora kuliko kumgawa akiwa na miaka mitatu na mazoea asiyoweza tena kuyaacha.

SWALI

Nina mbwa jike wa jamii ya Malinois, wa miezi saba, nami hushinda kazini saa tisa. Dada yangu huja kumwona mchana. Nimepewa nafasi ya kumchukua ndugu yake wa tumbo moja ili wawe wanashinda pamoja. Je, hilo litamaliza upweke wake?

JIBU

La. Mbwa mwenye hofu ya kuachwa na binadamu kwa kawaida hatulizwi na mbwa mwingine, na asiye na hofu hiyo, ila ana nguvu nyingi, atapata mshiriki. Malinois wawili wa umri mmoja, tena ndugu, hushikamana wao kwa wao kiasi kwamba wewe unakuwa mtu wa kufungua mlango na kuleta chakula; kila kimoja utakachofundisha utalazimika kukifundisha mara mbili, na kwa kila mmoja peke yake, kwa muda ambao tayari huna. Kinachofanya kazi katika maelezo yako ni dada yako. Mpe yeye unachopanga kutumia kwa mbwa wa pili, awe na mchezo wa kutafuta vitu vilivyofichwa anaoufanya naye kila siku. Wa pili mfikirie huyu wa kwanza akishafika miaka miwili na anaweza kulala akiwa peke yake.

SWALI

Ninafanya kazi zamu za usiku, saa 10 kila zamu. Mbwa wangu wa jamii ya German Shepherd ana miezi minne, nami humwacha katika kizimba chake hadi nirudi asubuhi. Kila nikirudi ninakuta amejichafua. Je, anakaidi?

JIBU

Hakaidi, ameshindwa. Kwa kipimo cha kawaida, mbwa mdogo huweza kujizuia kwa saa zinazolingana na umri wake kwa miezi, pengine na moja zaidi, kwa hiyo wako ana saa nne au tano. Ukimlazimisha kujichafua anapolala, unaivunja ile tabia ya asili ya usafi ambayo ungeitegemea kumfundishia. Kizimba kiache mlango wazi ndani ya eneo dogo lililozungushiwa wavu, lenye sakafu ya kufutika, mahali pa kujisaidia upande wa mbali, na vitu vya kutafuna, kwa kuwa meno yake ya utotoni yanang'oka sasa na yataendelea hadi karibu miezi sita.

Zamu yako, hata hivyo, ina nafuu ambayo wenye zamu za mchana hawana: mbwa wengi hulala usiku, na wewe uko nyumbani mchana. Apatikane mtu mmoja wa kumtoa mara moja kati ya saa 5 na saa 6 usiku, hadi atakapofikisha miezi minane hivi. Ukirudi alfajiri mtoe kwanza, umpe matembezi na kazi yake, ndipo ulale, naye umzoeshe kulala pale ulipo kwa saa mbili au tatu za mwanzo. Na ukitega kengele ikuamshe adhuhuri umtoe tena, usingizi wako utakatika mara moja tu.